Ndege ya Anga za Juu na Mizani Yake: Mafunzo ya Mchezo wa Kompyuta

1. Utangulizi

Kiswahili huita kwa jina moja kiumbe chenye manyoya na chombo cha chuma kinachobeba abiria: vyote viwili ni ndege. Jina hilo lina ukweli wake, maana vyote hupaa. Lakini laweza pia kumpotosha anayeanza kujifunza. Ndege mwenye uhai huurekebisha mwili wake kila nukta: hukunja bawa, hupanua mkia, hunyosha shingo, wala hana haja ya kujua kwamba anafanya hivyo. Ndege ya chuma haina hisia hizo. Mizani yake hupangwa kabla haijaondoka ardhini, na kosa la mpangaji huenda lisijulikane mpaka chombo kimekwisha kuwa hewani.

Makala haya yanakusudia kuieleza mizani hiyo kwa mfano wa mchezo wa kompyuta uitwao Kerbal Space Program. Mchezo huo ulibuniwa nchini Meksiko na Felipe Falanghe katika kampuni ya Squad. Toleo la kwanza la hadhara lilitoka tarehe 24 Juni 2011, na toleo lililohesabiwa kuwa kamili lilitoka mwezi wa Aprili 2015. Ndani yake mchezaji huunda roketi na ndege, kipande kwa kipande, kisha huzirusha kutoka sayari ya kubuni iitwayo Kerbin. Hakuna jeshi la kupiganwa nalo wala mpinzani wa kushindana naye. Mpinzani pekee ni kanuni za maumbile.

Miongoni mwa kazi ngumu za mchezo huo ni kuunda ndege ya anga za juu, yaani chombo kinachoondoka kwa magurudumu kwenye njia ya kurukia, kikapanda hadi kuizunguka sayari, kisha kikarudi kutua kama ndege ya kawaida. Wengi hushindwa mara nyingi kabla ya kufaulu. Wanaposhindwa hudhani kwamba chombo kimepungukiwa na nguvu, wakakiongezea injini na mabawa, nacho kikazidi kupinduka. Ukweli ni kwamba mara nyingi chombo hicho hakikukosa nguvu; kilikosa mizani.

2. Nguvu nne na vitovu vitatu

Chombo kilichomo hewani hushikwa na nguvu nne. Uzito hukivuta chini. Nguvu ya kuinua, itokayo hasa kwenye mabawa, hukipeleka juu. Msukumo wa injini hukisogeza mbele, na ukinzani wa hewa hukirudisha nyuma. Maelezo ya kawaida huishia hapo: nguvu ya kuinua ikilingana na uzito, na msukumo ukilingana na ukinzani, ndege huenda kwa utulivu. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya jambo. Hayasemi kila nguvu inakishika chombo mahali gani.

Mchukuzi wa mzega hulijua jambo hili bila kufundishwa. Bega lake lina nguvu ya kutosha kubeba vikapu vyote viwili. Lakini akiuweka mti begani mbali na mahali panapostahili, upande mmoja utashuka na mwingine utapanda, na nguvu zote za bega hazitamfaa kitu. Kubeba ni jambo moja. Mahali pa kubebea ni jambo jingine.

Katika karakana ya ndege ya mchezo huo, mchezaji huweza kuonyeshwa tufe tatu za rangi juu ya chombo anachokiunda. Tufe la njano ni kitovu cha uzito: mahali ambapo uzito wote wa chombo huhesabiwa kana kwamba umekusanyika. Tufe la buluu ni kitovu cha kuinua: mahali ambapo nguvu za mabawa yote, zikijumlishwa, hukishika chombo. Tufe la zambarau ni kitovu cha msukumo, na linaonyesha injini zinasukuma zikipitia wapi.

Hapana budi kukumbuka jambo moja ambalo mengine yote hulitegemea. Chombo kilicho hewani, kikigeuka, hugeuka kwa kukizunguka kitovu cha uzito. Hapo ndipo egemeo lake. Nguvu yoyote inayokishika mbali na egemeo hilo hugeuka kuwa mkono juu ya wenzo: kadiri umbali unavyoongezeka, ndivyo nguvu ndogo inavyoweza kukigeuza chombo kikubwa. Ndiyo maana msukumo wa injini hupaswa kupita katika kitovu cha uzito au karibu nacho kabisa. Ukipita chini yake, pua huinuka kila injini zinapoongezwa nguvu. Ukipita juu yake, pua huinama.

3. Nguvu ya kuinua hutoka wapi

Bawa lililoinamishwa kidogo dhidi ya upepo huigeuza hewa ielekee chini, na hewa inayosukumwa chini hulisukuma bawa juu. Ukubwa wa nguvu hiyo hutegemea mambo manne: eneo la bawa, msongamano wa hewa, kasi ya chombo, na pembe ambayo bawa linaikabili hewa.

Katika hayo manne, kasi ina cheo cha pekee, kwa kuwa nguvu huongezeka kwa mraba wake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya kuinua huwa mara nne. Ikiwa mara tatu, huwa mara tisa. Msongamano wa hewa, kwa upande wake, hupungua chombo kinapopanda. Juu ya dunia, kwenye kimo cha kilomita 20, hewa ina msongamano wa karibu sehemu moja tu kati ya 14 ya ule wa usawa wa bahari. Bawa lile lile, kwa pembe ile ile, huhitaji basi kasi karibu mara 3,7 ili kubeba mzigo ule ule. Hivyo ndege ya anga za juu hulazimika kuongeza kasi kadiri inavyopanda, la sivyo hewa itaiponyoka.

Ama kuhusu pembe, ipo tamaa ya kuinua pua zaidi na zaidi ili kupata nguvu zaidi. Tamaa hiyo ina mpaka. Bawa la kawaida likipita nyuzi 15 hivi, hewa hubanduka kwenye mgongo wa bawa, nguvu ya kuinua huanguka ghafula na ukinzani huongezeka. Chombo kilichokuwa kikipanda huanza kudondoka, hali pua yake ingali imeelekea mbinguni.

Liko jambo jingine linalomfaa mpandaji. Kadiri chombo kinavyokaribia kasi ya kuizunguka sayari, ndivyo haja ya mabawa inavyopungua, kwa sababu uso wa sayari hujipinda chini yake. Kerbin ni sayari ndogo yenye nusu-kipenyo cha kilomita 600, na kasi ya kuizunguka karibu na mpaka wa hewa yake, kilomita 70 juu, ni kama mita 2300 kwa sekunde. Kwa dunia yenyewe kasi hiyo ni kama mita 7800. Chombo kikifikia nusu ya kasi hiyo, robo ya uzito wake imekwisha kubebwa na mwendo wenyewe, na mabawa yamebakiwa na robo tatu. Kikiifikia kasi yote, mabawa hayana kazi tena, hadi siku ya kurudi.

4. Fundisho la mshale

Swali kuu la mchezaji ni hili: tufe la buluu likae wapi kuhusiana na lile la njano? Jibu limo katika silaha ya kale. Mshale una chuma mbele na manyoya nyuma. Uzito wake uko karibu na ncha, na hewa huushika zaidi kwenye mkia. Upepo ukiugeuza kidogo, hewa huyasukuma manyoya na kuurudisha mshale katika njia yake. Mshale uliopigwa kwa kutanguliza manyoya haufiki. Hujigeuza wenyewe hewani.

Ndege nayo ni hivyo hivyo. Kitovu cha kuinua kikiwa nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, kila pua inapoinuka kwa bahati mbaya, nguvu iliyoongezeka mabawani huinua sehemu ya nyuma, na pua hushuka tena. Kosa hujisahihisha. Kitovu cha kuinua kikiwa mbele ya kitovu cha uzito, kosa hujizidisha: pua ikiinuka kidogo, nguvu huongezeka mbele ya egemeo, pua huinuka zaidi, na kabla rubani hajawahi kushika usukani chombo kimekwisha kupinduka.

Je, si afadhali basi kitovu cha kuinua kiwekwe nyuma sana? La. Chombo cha namna hiyo kina utulivu mwingi, lakini utulivu wake ni wa ukaidi. Pua yake ni nzito. Vibao vya mkiani hulazimika kukandamiza nyuma wakati wote ili kuinua mbele, na kazi hiyo hula nguvu na kuongeza ukinzani. Kwenye njia ya kurukia hukimbia hadi mwisho wa lami bila kuinua pua, hasa kama magurudumu ya nyuma nayo yamewekwa mbali na kitovu cha uzito. Kwa sababu hiyo magurudumu hayo huwekwa nyuma kidogo tu ya tufe la njano: wenzo ukiwa mfupi, pua huinuka kwa urahisi.

Kanuni ni fupi, yaani buluu nyuma ya njano, lakini kwa umbali mdogo. Lau mambo yangeishia hapo, kila mchezaji angefaulu siku ya pili.

5. Kitovu kinachohama

Tatizo ni kwamba tufe la njano halikai mahali pamoja. Karakana humwonyesha mchezaji chombo kilichojaa mafuta. Safari hula mafuta hayo, na kitovu cha uzito huhama.

Chukuliwe mfano wa chombo chenye urefu wa mita 15. Bila mafuta kina uzito wa tani 12, na kitovu cha uzito huo kiko mita 9 kutoka puani, kwa sababu injini zimefungwa mkiani. Mafuta ni tani 8, nayo yote yamo katika tangi la mbele ambalo kitovu chake kiko mita 5 kutoka puani. Kitovu cha chombo kizima hupatikana kwa kuzidisha kila uzito kwa umbali wake, kujumlisha, kisha kugawanya kwa uzito wote. Tani 12 mara mita 9 ni 108. Tani 8 mara mita 5 ni 40. Jumla ni 148. Ikigawanywa kwa 20, jibu ni mita 7,4. Mchezaji huyapanga mabawa yake ili kitovu cha kuinua kiwe mita 8 kutoka puani, yaani sentimita 60 nyuma ya kitovu cha uzito. Chombo huondoka vizuri, nacho hutii.

Mafuta yakiwa yamebaki tani 4, hesabu ni hii: 108 na 20 ni 128, ikigawanywa kwa 16, jibu ni mita 8 kamili. Vitovu viwili vimekutana, na utulivu wote umetoweka. Mafuta yakiisha, kitovu cha uzito kimefika mita 9, mita nzima nyuma ya kitovu cha kuinua. Mshale sasa unaruka kwa kutanguliza manyoya. Chombo kile kile, chenye mabawa yale yale na rubani yule yule, kimegeuka kuwa kingine, pasipo mtu kukigusa.

Dawa yake ni mzega. Mafuta yagawanywe: tani 4 katika tangi lililo mita 6 kutoka puani, na tani 4 katika tangi lililo mita 12. Kitovu cha mafuta yote kitakuwa mita 9, pale pale kilipo kitovu cha chombo kitupu. Matangi yakimwaga kwa kadiri moja, tufe la njano halitahama hata kidogo, na mabawa yanaweza kupangwa mara moja ili yafae kwenda na kurudi. Mchezaji mwenye busara huyamwaga matangi yote akiwa bado karakanani, akatazama tufe la njano linakwenda wapi, kisha akayajaza tena.

6. Yaliyowapata wahandisi

Haya si mambo ya mchezo tu. Mwaka 1896, Mjerumani Otto Lilienthal, aliyeruka mara nyingi kwa mabawa aliyojiundia, alianguka akafa. Mizani yake aliishika kwa kusogeza mwili wake chini ya mabawa, na siku hiyo kusogea hakukutosha.

Ndege ya abiria Concorde, iliyofanya kazi toka mwaka 1976 hadi 2003, ilikabiliwa na tatizo hilo kwa sura nyingine. Chombo kinapopita kasi ya sauti, kitovu cha kuinua ndicho kinachohama, nacho hurudi nyuma. Wahandisi wa Uingereza na Ufaransa waliamua kuuhamisha uzito uufuate: mafuta yalisukumwa kwa pampu kutoka matangi ya mbele kwenda tangi la mkiani, na kabla ya kutua yakarudishwa mbele.

Mfano ulio karibu zaidi na mchezo ni ule wa HOTOL, ndege ya anga za juu iliyochorwa Uingereza katika miaka ya 1980 na kampuni za British Aerospace na Rolls-Royce. Injini zake nzito zilikaa mkiani, na mbele yake palikuwa na kiwiliwili kirefu chenye tangi kubwa la hidrojeni. Uzito ulibaki nyuma, ilhali kitovu cha kuinua kilihama sana kasi ilipobadilika. Kila badiliko lililofanywa ili kuiokoa mizani liliongeza uzito na kupunguza shehena. Serikali iliondoa fedha zake mwaka 1988, na HOTOL haikujengwa.

Mwaka uliofuata, Alan Bond na wenzake wawili walianzisha kampuni ya Reaction Engines, wakachora chombo kipya, Skylon. Injini ziliondolewa mkiani na kuwekwa kwenye ncha za mabawa, katikati ya urefu wa chombo, na mafuta yakagawanywa mbele na nyuma. Ni mzega ule ule. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2024 kabla Skylon haijajengwa, lakini mchoro wake unaonyesha wazi somo lililotokana na HOTOL.

7. Mpanda ngazi hushuka

Wachezaji wengi wamefurahi kuona chombo chao kikiizunguka Kerbin, wakadhani kazi imekwisha. Lakini mpanda ngazi hushuka, na kushuka ndiko kunakofichua makosa. Chombo hurudi kikiwa na matangi matupu, yaani katika hali ambayo mpangaji aliifikiria kidogo kuliko zote. Huingia katika hewa kwa kasi kubwa, na hutakiwa kuinua pua juu sana ili tumbo lake pana lizuie mwendo na kuubeba moto. Kitovu cha uzito kikiwa kimerudi nyuma ya kitovu cha kuinua, chombo huanza kuzunguka kama jani. Kikiwa kimekwenda mbele mno, pua hukataa kubaki juu, na chombo huchoma hewa kama mkuki, kikishuka kwa kasi isiyovumilika.

Hata wataalamu wenye vyombo bora vya kupimia wamewahi kushtushwa na safari ya kurudi. Columbia iliporushwa mara ya kwanza, tarehe 12 Aprili 1981, ikiwa na John Young na Robert Crippen, ilirudi siku mbili baadaye ikiwa imeinua pua kwa nyuzi 40 hivi. Ili kuitunza pua mahali pake, kibao kipana kilicho chini ya mkia kililazimika kuteremshwa karibu mara mbili ya kadiri iliyokuwa imehesabiwa. Kwa kasi ile hewa iliyopashwa moto haikufuata tabia iliyoonekana katika majaribio ya ardhini, na kitovu cha nguvu zake hakikuwa mahali palipotarajiwa. Kibao kilikuwa na nafasi ya kutosha kushuka, na marubani walitua salama. Wachoraji wa Columbia hawakuipanga mizani bila kuacha akiba.

8. Hitimisho

Mchezo si maabara. Kabla ya mwaka 2015, kwa mfano, ukinzani wa hewa katika mchezo huo ulihesabiwa kwa kufuata masi ya kila kipande bila kujali umbo lake, hata kuweka pua iliyochongoka kukawa hasara badala ya faida. Hata baada ya masahihisho hayo, tufe la buluu halionyeshi ukinzani, na sayari ndogo ya Kerbin humsamehe mpangaji mambo ambayo dunia isingemsamehe.

Pamoja na hayo, faida yake ni kubwa. Lilienthal alilipia jaribio la mwisho kwa uhai wake. Mwanafunzi wa leo, asiye na handaki la upepo wala karakana, anaweza kupinduka mara hamsini kwa siku moja, na kila mara akarudi kuuliza swali lililo sahihi. Swali hilo si kwamba chombo kina nguvu kiasi gani. Ni kwamba uzito wake uko wapi sasa, na utakuwa wapi mafuta yatakapokwisha.

Wala maneno ya kuliulizia hayahitaji kutafutwa mbali. Kitovu, wenzo, egemeo, mzega na mshale vimo katika Kiswahili tangu zamani, na vimetosha kueleza hapa kwa nini chombo chenye nguvu za kutosha huanguka. Mwalimu wa fizikia anaweza kuanzia hapo: awape wanafunzi mti mmoja na vikapu viwili, aondoe mzigo kidogo kidogo katika kikapu kimoja, na kuwauliza bega lisogee upande gani.